Dhihaka ya Dini na Jibu la Muumini

Mavuno yakishaingia ghalani na pamba ikishauzwa, Usukuma huingia kwenye mbina, mashindano ya ngoma. Uwanja ni wa wazi, na makundi mawili ya ngoma husimama kwa umbali wa kusikiana: Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Wanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye karatasi wala kengele. Watazamaji wenyewe ndio hukimbia kutoka duara hili kwenda lile, na kundi litakalobaki na umati ndilo lililoshinda. Wapo wanaoleta nyoka, wapo wanaoleta vinyago, wapo wanaorusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo. Lakini kinachobaki midomoni mwa watu mpaka msimu ujao ni maneno ya manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Manju humtaja mpinzani wake kwa jina, akamcheka mwendo wake, ng'ombe wake waliokonda, dawa zake zisizofanya kazi. Aliyechekwa huvumilia mpaka wimbo uishe. Kisha anatunga wa kwake.

Masimulizi ya Wasukuma yanaurudisha mchezo huo kwa waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Gika, walioshindana kwa dawa na kwa nyimbo. Wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, wa Gika wakawa Bagika, na ushindani wao haujaisha hadi leo.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, umejaa watu waliokulia kando ya uwanja huo. Mtoto wa Bariadi, wa Itilima, wa Maswa, wa Meatu au wa Busega anajua mapema kwamba mtu anaweza kuchekwa mbele ya halaiki, akarudi nyumbani akala, na kesho yake akaenda kulima na hao hao waliomcheka. Ndiyo maana inafaa kuuliza kwa nini mtu huyo huyo, aliyestahimili wimbo wa matusi siku nzima juani, huweza kushika fimbo pale mtu anapotamka neno moja la dharau juu ya dini yake.

Msikilizaji, jibu la haraka ni kusema kwamba watu wa dini wana hasira za karibu. Jibu hilo si la haki. Kwenye mbina kila mtu ameingia uwanjani kwa hiari yake na anajua kanuni za mchezo. Dini haikuletwa uwanjani. Kwa muumini, dini ni sala aliyofundishwa na bibi yake, ni jina aliloitwa siku ya kubatizwa au ya akika, ni maneno yaliyosemwa wakati baba yake anashushwa kaburini. Anayeikejeli anawagusa watu ambao hawapo kujisemea. Maumivu ya muumini ni ya kweli, na anayemwambia ayapuuze tu hajui anachokisema. Suala ni kile anachokifanya muumini akiwa na maumivu hayo kifuani.

Ukitazama historia ya eneo hili, utaona kwamba zamu ya kuchekwa imezunguka. Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo ni wilaya ya Busega. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na kutoka hapo likaota kanisa ambalo Wasukuma wengi wanalijua kwa herufi tatu, AIC. Miaka hiyo hiyo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waadventista kutoka Ujerumani walikuwa wakijenga vituo Ntuzu na Kanadi. Mapadre Wakatoliki nao walikuja, na Waislamu wakakaa katika miji na magulio kwa biashara.

Wakristo wale wa mwanzo walikuwa wachache sana, na kijiji kilikuwa na sababu ya kuwatazama vibaya. Mtemi wa Kisukuma alikuwa mtu wa mvua. Matambiko yalikuwa kazi ya watu wote kwa ajili ya shamba la watu wote. Kijana aliyesema haendi kwenye tambiko kwa sababu amepata Mungu mwingine, machoni pa jirani zake alikuwa anacheza na chakula cha watoto. Kejeli zilizomkuta zilibeba woga wa njaa ndani yake, na asiyeuona woga huo hawezi kuzielewa. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayedhihakiwa leo: mara nyingi nyuma ya mdomo mchafu kuna hofu, na hofu haiondoki kwa kupigwa.

Msimu wa pamba unaonesha kejeli ya aina nyepesi zaidi. Simiyu inaongoza nchini kwa zao hilo, na kituo cha kununulia pamba kikifunguliwa kila mtu anataka kupima mapema, pesa isije ikaisha. Jumamosi mama Msabato anapita na Biblia mkononi akielekea kanisani, na vijana wa kijiwe cha bodaboda hawamwachi. Mama, mizani iko wazi leo, Mungu wako hajui bei ya pamba? Wengine wanacheka. Akiwa mtu wa kununa, atawaita wana wa shetani na kuharakisha hatua, na Jumamosi ijayo watamsubiri kwa hamu zaidi. Akiwa mtu aliyetulia katika imani yake, atasimama, atawaamkia kwa Kisukuma, atawajibu kwamba Mungu anaijua bei, na anajua pia kuwa mizani itakuwepo Jumatatu. Watacheka tena, safari hii pamoja naye. Bila hotuba amewaambia kitu kikubwa: kwamba yuko tayari kupoteza siku ya soko kwa ajili ya anachokiamini, na kwamba jambo hilo halimfanyi awachukie wao.

Kejeli nyingi za Simiyu ni za namna hii. Mlokole anaulizwa kama atahamia mbinguni na baiskeli yake. Mwislamu aliyefunga anatengewa soda na rafiki zake mchana wa Ramadhani. Mkatoliki anaulizwa kuhusu sanamu. Kuzipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi ni kuzipa uzito zisiokuwa nao. Zinataka uso wa bashasha na jibu fupi, na muumini asiyeweza kutoa hata hilo anapaswa kujiuliza imani yake imesimama juu ya nini.

Lakini kuna jambo la pili ambalo si kejeli hata kidogo, ingawa kila mara huitwa hivyo. Nalo ni kutokubaliana.

Mwaka 2000 mhubiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alikamatwa mkoani Morogoro baada ya kuhubiri hadharani kwamba Yesu si Mungu wala si mwana wa Mungu. Alishtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomhusu mtu anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine. Mahakama ya wilaya ilimtia hatiani na kumpa kifungo cha miezi 18. Waislamu waliona kwamba sasa imani yao yenyewe imefanywa kuwa kosa la jinai, na Agosti 2001 waliandamana jijini Dar es Salaam, wengi wakakamatwa. Mahakama Kuu ilipunguza adhabu na Dibagula akatoka, lakini hatia ilibaki. Kesi ikaenda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 majaji waliifuta hatia hiyo.

Hoja ya mahakama inastahili kusikilizwa na kila mchungaji na kila sheikh wa mkoa huu. Mwislamu anaamini kwamba Isa ni nabii. Mkristo anaamini kwamba Yesu ni Mungu. Mmoja akitangaza anachokiamini, lazima mwingine asikie kukanushwa kwa anachokiamini yeye. Kama kusikia huko peke yake kungekuwa kosa, basi hakuna mtu ambaye angeweza kuhubiri chochote katika nchi hii, na Katiba katika ibara ya 19 inatambua uhuru wa kila mtu kutangaza dini yake. Sheria inataka zaidi ya maumivu ya msikilizaji. Inataka ithibitike kuwa msemaji alikusudia kuumiza. Dibagula alikuwa akisema itikadi ya dini yake kwa watu waliokuja kuisikiliza.

Ni hukumu ya haki, na faida yake haikuishia kwa Waislamu. Inamlinda mwinjilisti wa Kipentekoste anayesimama sokoni Bariadi na kusema kwamba hakuna wokovu nje ya Yesu, maneno ambayo Mwislamu aliyesimama kwenye duka la jirani hayapokei kwa furaha. Muumini anayesikia hoja dhidi ya dini yake ana wajibu wa kusoma, kuuliza na kujibu, na kama jibu hana, aseme atalitafuta. Mihadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani, iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, iliwaamsha Wakristo wengi kusoma maandiko ambayo awali waliyabeba tu kwapani. Waliokimbilia polisi hawakujifunza kitu.

Na polisi wakiingia katika mabishano ya dini, mambo huweza kuharibika vibaya. Februari 1998, katika Msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, malalamiko kwamba wahubiri walikuwa wakiukashifu Ukristo yalileta ukamataji, ukamataji ukaleta ghasia, na ghasia zikaishia kwa watu kuuawa kwa risasi. Jambo lililoanza kwa maneno ya kipaza sauti liliacha makaburi, na uchungu wake haujawatoka Waislamu wengi wa nchi hii.

Baada ya utani na baada ya hoja, kuna kashfa yenyewe. Hiyo ipo, na haifai kufichwa. Kuna mtu anayekusudia kuumiza: anachana kitabu kitakatifu mbele ya kamera, anachafua msikiti, anavunja msalaba wa kaburi. Hapa ndipo mtihani wa muumini ulipo, na Tanzania imewahi kuanguka mtihani huo mbele ya macho ya watu wote.

Oktoba 2012, Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam, watoto wawili walibishana. Mmoja alidai kwamba anayeidhalilisha Kurani hugeuka kiumbe kingine. Mwenzake, mvulana wa miaka 14, alitaka kuona kama ni kweli, akakikojolea kitabu. Ni ubishi wa kitoto uliofanya jambo zito, na mtoto alichukuliwa na polisi. Ijumaa ya tarehe 12, umati ulikwenda kituoni ukitaka mtoto huyo atolewe. Ulipomkosa uligeukia makanisa. Makanisa kadhaa yalivunjwa na kuchomwa, magari yakapondwa, mabomu ya machozi yakapigwa. Rais Jakaya Kikwete alikwenda Mbagala kuyatazama mabaki.

Fikiria ni nani aliyeumia. Mvulana hakuwa mchungaji, hakutumwa na kanisa lolote, na hakuna muumini yeyote wa makanisa yale aliyeshika kitabu kile. Mzee aliyechangia bati za kanisa kwa kuuza karanga, mwanakwaya ambaye kinanda chao kiliteketea, mlinzi wa usiku: hao ndio waliolipa. Na heshima ya Kurani haikuongezeka hata kidogo siku ile. Masheikh waliosema hadharani kwamba Uislamu hauruhusu kuadhibu mtu kwa kosa la mwingine walikuwa wakisema jambo ambalo kila mwanafunzi wa madrasa analijua: kila nafsi hubeba mzigo wake.

Zaidi ya miaka saba baadaye, Februari 2020, ilisambaa video ya mtumishi mmoja wa umma wilayani Kilosa akiichana na kuichoma Kurani. Safari hii si mtoto, ni mtu mzima mwenye mshahara wa serikali, na picha zilifika kila mkoa ndani ya saa chache. Kwa vigezo vyote lilikuwa jambo baya kuliko la Mbagala. Serikali ilimchukulia hatua haraka, polisi wakamkamata, viongozi wa dini wakaomba utulivu, na ghasia kama za Mbagala hazikutokea. Waislamu wa Tanzania walikuwa na kila sababu ya kukasirika, na walikasirika, lakini hasira yao ilipita kwenye mkondo wa sheria. Ilikuwa kazi ngumu iliyofanywa na watu wengi wasiojulikana, imamu mmoja mmoja katika hotuba yake ya Ijumaa, mzazi mmoja mmoja aliyemzuia kijana wake mlangoni. Inasikitisha kwamba Mbagala inakumbukwa na utulivu wa 2020 umesahaulika.

Vitabu vyenyewe havimwachi muumini gizani katika hili. Kurani inawakataza waumini kutukana vinavyoabudiwa na wengine, wasije wale wakamtukana Mungu kwa kutojua. Na inawaambia wakisikia aya zinafanyiwa mzaha waondoke kwenye kikao mpaka mazungumzo yabadilike. Wanaambiwa kuondoka. Hawakuambiwa wapindue meza. Katika kitabu cha Samweli, Mfalme Daudi anakimbia uasi wa mwanawe, na njiani mtu mmoja, Shimei, anamfuata akimlaani, akimrushia mawe na vumbi. Mmoja wa watu wa Daudi anaomba ruhusa ya kumkata kichwa. Daudi anakataa, na anatoa sababu ambayo si ya kawaida kwa mfalme mwenye jeshi: huenda laana hizo zimetoka kwa Mungu, ziache zisemwe. Alikuwa anajua kwamba ana makosa yake. Wahubiri wengi huipenda hadithi ya Daudi na Goliathi. Hii ya Shimei haisikiki mara nyingi kwenye mikutano ya injili, na ni hasara.

Sasa tuje kwa jambo gumu zaidi kwa Simiyu. Ukiuliza ni imani ya nani inayodhihakiwa zaidi katika mkoa huu, kila siku, kwa sauti kubwa, bila mtu yeyote kushtakiwa, jibu si Ukristo wala Uislamu. Ni imani ya wazee wanaoshika jadi, wanaowakumbuka masamva, mizimu ya ukoo, na kumwaga pombe kwa ajili yao kabla ya kupanda. Kipaza sauti kikifungwa juu ya nguzo ya mkutano wa injili, hao ndio huitwa wapagani, watu wa giza, watumishi wa mashetani, na kijumba kidogo cha mizimu kilicho mbele ya mji wa mzee huelezwa kama makao ya pepo. Mzee amekaa nje ya nyumba yake, mita mia mbili kutoka pale, anasikia kila neno. Mjukuu wake yuko kwenye kwaya.

Mzee yule hana wakili wala baraza la kutoa tamko. Hawezi kuandamana. Na maneno ya aina hiyo hayabaki maneno tu. Usukuma inajulikana kwa aibu ya kuuawa kwa vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Tuhuma hizo zina chimbuko lake katika imani za kale zenyewe na katika wapiga ramli, hilo lisemwe wazi. Ila mhubiri anayerudia kila jioni kwamba kijiji kimejaa wachawi, kisha akaenda zake kulala, anaongeza kuni kwenye moto ambao hatakuwepo ukiwaka.

Wapo waliofanya tofauti. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950, alizikuta ngoma za Kisukuma zikilaaniwa na watu wa kanisa. Yeye alizisikiliza. Kanisa la Bujora likajengwa likiwa na alama za utemi wa Kisukuma, jumba la makumbusho ya Wasukuma likaanzishwa pale pale, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu ikafungamanishwa na mashindano ya ngoma yanayoitwa Bulabo, ambako Bagika na Bagalu hupambana mpaka leo. Padre Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll naye alitumia miongo ya maisha yake kukusanya methali, nyimbo na hadithi za Wasukuma pamoja na wazee wa vijijini, na mwaka 1996 yeye na Joseph Healey walichapisha kitabu cha teolojia kilichojengwa juu ya methali na hadithi za namna hiyo. Hawakuacha kuwa Wakatoliki. Waliwaheshimu watu wale kiasi cha kukaa nao chini na kuandika walichosema, jambo ambalo dharau haiwezi kulifanya.

Kwa hiyo Mkristo au Mwislamu wa Bariadi anayedai dini yake iheshimiwe ana deni. Hawezi kudai Jumapili kile anachokinyima Jumatatu. Kiongozi wa dini anayetaka kuanza mahali fulani anaweza kuanza kwa kuwakataza wahubiri wake kutaja nyumba ya mtu, ukoo wa mtu au kaburi la mtu kwenye kipaza sauti. Wahubiri injili yao yote, wakatae matambiko wakitaka, hiyo ni haki yao kama ilivyokuwa haki ya Dibagula. Lakini mzee asidhalilishwe mbele ya wajukuu wake.

Washika jadi wana kejeli yao pia dhidi ya watu wa makanisa, na ni ya zamani: mchana kanisani, usiku kwa mganga. Husemwa kwa kicheko kwenye pombe, na Wakristo huichukia. Wanaichukia kwa sababu wanajua kuna waumini, na wakati mwingine hata wazee wa kanisa, ambao mtoto akiugua au ng'ombe wakipotea wanajua njia ya kwenda kwa nfumu, yaani mganga, gizani. Kejeli ya namna hii haitaki utetezi. Inataka toba. Na kuna nyingine zinazofanana nayo. Watu walipowacheka waumini walionunua maji na mafuta ya miujiza kwa fedha nyingi, wachekaji wengine walikuwa na nia mbaya. Lakini Julai 2024 serikali yenyewe ililifungia kanisa la mhubiri aliyejiita Kiboko ya Wachawi huko Buza, Dar es Salaam, na waumini wengi wakajiuliza kwa nini hawakusikia mapema. Hapo waliocheka walikuwa wameona sawasawa. Muumini mwenye busara hupekua dhihaka kabla ya kuitupa, kwani humo huweza kuwa na ukweli ambao rafiki zake waliogopa kumwambia.

Simu zimeleta tatizo ambalo Gumha na Gika hawakulijua. Kwenye mbina, wimbo wa matusi unasikika na waliopo, nao wanamjua manju, wanajua ukoo wake, na wanajua kwamba anatania. Video ya dakika moja iliyorekodiwa mahali usipopajua inafika Lamadi au Mwanhuzi, huku huku Simiyu, bila uso wowote unaofahamika. Na wanaoisambaza kwa bidii kuliko wote ni waumini wenyewe. Mtu anapokea picha ya kitabu chake kikidhalilishwa, moyo unamuuma, na kwa uchungu huo huo anaituma kwenye makundi sita ya WhatsApp akiandika: tazameni walichotufanyia. Aliyekusudia kuumiza watu 10 amesaidiwa kuumiza 1,000, na waliomsaidia ni wale wanaoipenda dini hiyo kuliko nafsi zao. Kama ni kosa la jinai, video ipelekwe polisi na ibaki huko. Kama ni upuuzi, ifutwe. Kuituma kwa kijana wa miaka 18 saa nne usiku ni kumkabidhi hasira asiyojua ataiweka wapi.

Watoto ndio wanaotia wasiwasi kuliko wote, maana Mbagala ilianza kwa watoto. Katika shule zetu za serikali kuna kipindi cha dini. Kengele ikilia darasa linagawanyika: Wakatoliki chumba hiki, Walutheri na AIC kile, Waislamu chini ya mwembe pamoja na ustadhi, Wasabato kwao, na mtoto wa mshika jadi anabaki dawatini au anajiunga na rafiki yake. Kila kundi linafundishwa mambo yake vizuri. Hakuna anayemfundisha mtoto Mkristo wa Lagangabilili kwa nini mwenzake haigusi Kurani kabla ya kutawadha, wala anayemweleza mtoto Mwislamu mkate wa meza ya Bwana ni nini kwa rafiki yake. Wanayajua hayo kwa kubishana njiani wakirudi nyumbani, kama walivyobishana wale wawili wa Mbagala.

Walimu wakuu wa Simiyu, pamoja na masheikh na wachungaji wanaokutana mara kwa mara kwenye kamati za amani, wanaweza kukubaliana kutenga kipindi kimoja tu kwa muhula ambapo darasa halitagawanyika. Ustadhi aje aeleze Ramadhani mbele ya watoto wote, mwinjilisti aeleze ubatizo, na mzee wa kijiji aalikwe aeleze babu zake walimwomba nani mvua. Watoto waulize maswali yote, hata yale yanayochekesha, mwalimu akiwa pale pale darasani.